Mstari Mwekundu wa Rangi ya Kucha

Niseme mapema tusipotezeane wakati: lenzi yangu haikunikosea hata siku moja. Mimi ndiye niliyeikosea, kisha nikaiacha ibebe lawama mbele ya kanisa zima. Lakini kabla sijafika kwenye aibu yangu, niacheni niwaseme wengine kwanza, maana wao ndio walioanza.

Studio yangu iko Keroka, juu ya duka la mbolea, mlango kwa mlango na saluni. Nimepiga watu picha hapo tangu enzi za filamu, nilipokuwa msichana wa kushikilia taa, mpaka leo nina mvi na miwani. Kamera yangu ni ya kampuni moja kubwa. Lenzi ninayoifunga mbele ya hiyo kamera ni ya kampuni nyingine kabisa, ambayo riziki yake ni kutengeneza lenzi za kuvalishwa kamera za wenzao. Ukiikagua utaona jina moja kwenye kamera na jina jingine kwenye lenzi. Niliinunua chini ya nusu ya bei ya ile ya kampuni yenyewe, na nikiielekeza kwa mtu unaweza kumhesabia nywele za nyusi. Mimi nilidhani habari imeisha hapo.

Thubutu! Wapiga picha wa huku kwetu ni watu wa ajabu. Mtu hajui kumsimamisha bwana harusi asionekane kama anangojea kung'olewa jino, lakini lenzi za wenzake anazijua zote kwa majina na miaka ya kuzaliwa. Kwenye kundi letu la simu hawaongei picha. Ni lenzi, lenzi, lenzi, asubuhi mpaka jioni. Yangu waliibatiza "mtoto wa kambo." Nikituma picha ya bibi harusi, macho yake yanang'aa mpaka unaona dirisha la kanisa ndani yake, mtu anajibu, "Si mbaya, dada, ila hiyo lenzi itakuangusha siku moja." Si mbaya! Huyo anayenijibu hivyo, picha yake ya mwisho niliyoiona ilikuwa ya keki.

Mkuu wao ni fundi mmoja wa Kisii mjini. Simtaji jina, mwenyewe anajijua. Huyo ana lenzi orijino, ya kampuni yenyewe, ile yenye mstari mwekundu unaozunguka mdomoni, ambao ndio alama ya zile za bei kali. Anaibeba kifuani akiwa ameifunika kwa kitambaa, na akifika harusini anaifunua polepole ili watu waone. Halafu anaanza kupiga. Anapiga nini sasa? Anakata watu vichwa. Anakata watu miguu kwenye vifundo. Nimewahi kuonyeshwa albamu yake moja, bibi harusi ameinama ukurasa baada ya ukurasa kama mhindi uliopigwa na mvua ya mawe, na mwenye albamu anajivuna, "Hii ilipigwa na ile lenzi ya mstari." Nikamwambia ni nzuri sana. Ningesema nini? Asiyejua maana haambiwi maana.

Ugonjwa huo haukukaa kwa wapiga picha peke yao. Uliingia kwenye kamati za harusi. Siku hizi kamati ya huku ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na ndugu mmoja aliyesomea kamera kwenye simu yake wiki mbili. Kazi ya huyo ndugu ni kukuuliza kama lenzi yako ina mstari mwekundu. Hakuulizi umeleta picha gani za kuonyesha. Ukimpa albamu anaifunga bila kuitazama, anarudi kwenye mstari. Watu hawa hawa wakienda sokoni kununua ng'ombe wanamfungua mdomo wakamhesabia meno, hawaulizi amefungwa kamba ya rangi gani.

Basi, msimu mmoja wa mvua, mama mmoja mzee kutoka Nyacheki alipanda ngazi za studio yangu akijishikilia ukutani. Nilimwita omong'ina, kama tunavyowaita kwa heshima akina mama waliokwisha kuwa na wajukuu. Aliketi, akavuta pumzi, akafungua fundo la leso yake, akatoa kipande chake, yaani kitambulisho, na kukilaza mezani kifudifudi.

"Geuza uone," akasema.

Niligeuza. Uso uliokuwa pale ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa na kuku wa jirani kwapani.

"Huyo ni nani?" akaniuliza.

"Ni wewe, omong'ina."

"Wacha uongo, na wewe ni mtu wa kanisa."

Nikacheka, lakini yeye hakucheka. Alinieleza shida yake moja kwa moja, kwa Kiswahili chake cha sokoni, maana alinikuta nikizungumza na mteja mgeni akadhani hiyo ndiyo lugha ya studio. Yeye na mzee wake walioana kimila, ng'ombe wakatoka, watoto saba wakazaliwa, chai ikapandwa, miaka ikaenda. Sasa watoto wameamua wazazi wafunge ndoa kanisani. Yeye hana ubishi. Harusi ni ya watoto, keki ni ya watoto. Yeye anataka picha.

"Mimi nimezika rika yangu karibu yote," akasema. "Kila matanga naenda, napata rafiki yangu amewekwa kando ya sanduku, picha imetolewa kwa kipande, imevutwa mpaka imekuwa uji. Unaangalia, hujui kama ni yeye ama ni mtu polisi walikuwa wanatafuta. Mimi sitaki kuzikwa na hiyo uso. Nipige picha moja, mtu akiangalia aseme huyu ni yeye. Hiyo tu."

"Nitakupiga, omong'ina. Hata sasa hivi."

"Sasa hivi na hii sweta ya kuchuma majani? Ngoja siku nimevaa."

Nikakubali kungoja. Mpaka leo najiuma kidole. Ningempiga pale pale, na sweta yake, na vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kwa maji ya chai, tungekuwa tumemaliza. Badala yake nilimpa ahadi, akafunga kipande chake kwenye leso, akashuka ngazi.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtoto wake wa kiume wa kwanza, injinia, anakaa Nairobi. Aliniita hotelini Masimba. Akaagiza chai, akaichukua kamera yangu bila kuomba, akaigeuza geuza.

"Mbona iko na majina mawili?"

Nikamweleza, kwa upole, nilivyokwisha kuwaeleza mainjinia wengine kabla yake. Akanikatiza.

"Mama amesema anataka wewe, na mimi namheshimu mama. Lakini sitaki mambo ya feki siku ya wazazi wangu. Kama huna ile ya mstari mwekundu, kuna fundi yuko Kisii."

Kusikia fundi wa Kisii tu, damu ilipanda. Nikafungua mdomo, na huu ndio mdomo wangu mimi mzee wa miaka hamsini na kitu, mwimbaji wa kwaya, nikasema, "Ninayo. Hii ni ya kazi za kila siku. Ile ya harusi iko studio."

Njiani kurudi nilijiambia nimedanganya kwa ajili ya yule mama, ili asiangukie mikononi mwa mkata vichwa. Ni sababu nzuri hiyo, hata sasa naipenda. Lakini haikuwa kweli. Nilidanganya kwa sababu roho iliniuma, na kwa sababu hata mimi, baada ya kuwacheka wote, nilikuwa natamani mstari.

Harusi ilikuwa Jumapili. Ijumaa nilishinda na wateja wa picha za pasipoti, wanafunzi wa chuo, mmoja baada ya mwingine kwenye kigoda, hadi nikatazama dirishani nikaona jua limeshaanza kuinama. Mimi ni Msabato. Jua likizama Ijumaa nafunga kazi, na siifungui tena mpaka lizame Jumamosi. Nikakimbia saluni ya jirani.

"Nipe rangi ya kucha," nikamwambia mwenye saluni. "Nyekundu."

Alisimama na kitana mkononi. Kwa miaka yote tuliyopakana hajawahi kuniona hata na hereni. "Wewe? Leo dunia inaisha?"

"Si yangu. Ni ya kamera."

"Yaani siku hizi hata kamera zinaringa!" akasema, na wateja wake wote wakacheka chini ya taulo.

Nilipaka. Siwezi kusema uongo wa pili: nilipaka vizuri. Mkono haukutetemeka, mstari ukazunguka mdomo wa lenzi mwembamba, mwekundu, ukakutana mwanzo na mwisho. Nikaurudia mara ya pili ukolee. Jua lilikuwa limegusa kilima. Haraka haraka haina baraka, hilo tulifundishwa tukiwa watoto, lakini Sabato haingoji rangi ikauke. Nikaifunika lenzi, nikaisimamisha ndani ya begi mdomo juu, nikavuta zipu. Jumamosi yote sikuligusa begi, maana kulifungua ni kazi. Usiku wake nilikuwa nimechoka kwa mazoezi ya kwaya. Niliimba sauti ya pili siku ile, nikaimba vizuri pia.

Sasa, kwa asiyejua: kwenye lenzi kuna mkanda wa mpira unaozunguka, na huo ndio unaotafuta fokasi, yaani unaamua nani atoke makali na nani abaki ukungu. Kati ya mkanda huo na mwili wa lenzi kuna mwanya mwembamba sana. Wakati mimi namsifu Mungu, rangi yangu ilikuwa inateremka taratibu, ikaingia kwenye mwanya, ikakauka humo. Ikaugandisha mkanda pale pale nilipouacha Ijumaa, kwenye umbali wa picha ya pasipoti, hatua moja na nusu kutoka kwa mtu. Yeyote aliye karibu zaidi ya hapo, ukungu. Yeyote aliye mbali zaidi, ukungu. Na mimi sikujua.

Jumapili nilifika kanisani Nyacheki nikiwa nimeinua kichwa. Injinia alikuja mbio, akaiona lenzi, akapitisha kidole juu ya mstari.

"Sasa hii ndiyo kamera!" akasema. Akawaita na wengine waje kuiona.

Ilikuwa lenzi ile ile. Ile ile aliyoishika Masimba akaikunjia uso. Jina lake liko pale pale, na hakulisoma, kwa sababu macho yake yalikuwa yamenasa kwenye wekundu. Nikajisemea moyoni, mtu mzima na digrii zake, ameshindwa na rangi ya kucha. Niliona raha. Nakiri kabisa, zile dakika kumi nilikuwa mtu mwenye raha kuliko wote Nyacheki.

Bibi harusi akaingia. Gauni jeupe, kichwa amefunga kitambaa cheupe, mzee wake amemshika mkono. Nikainua kamera, nikabonyeza. Lenzi ikalia kama mbu, nyiii, ikanyamaza. Nikabonyeza tena. Nyiii. Nikaushika mkanda niuzungushe kwa mkono, haukuzunguka. Nikaubana kwa nguvu mpaka kucha zikauma, na vidole vikatoka na wekundu. Hapo ndipo nilipoelewa. 

Mtauliza lenzi nyingine ilikuwa wapi. Nilikuwa nayo moja ndogo, iliyokuja na kamera. Niliiacha Keroka kwa makusudi, kwa sababu niliona aibu kuonekana nayo. Nyani haoni kundule, na mimi siku ile nilikuwa nyani wa kwanza msituni.

Mzee wa kanisa alikuwa ameshatuonya kwamba hakuna kamera kupita benchi la mbele. Kutoka hapo mpaka kwa maharusi ni hatua saba, nane. Kwa kanisa letu la huku hatuvalishani pete. Wanaooana hupeana Biblia. Basi Biblia zilipeanwa, watu wakapiga vigelegele, mzee akaangusha ya kwake kwa kutetemeka na mke wake akamwokotea, jambo ambalo mpiga picha anaweza kukaa maisha yote akilingoja. Nilichopata mimi ni ua la plastiki lililofungwa kwenye benchi. Lilitoka makali ajabu, unaona hadi uzi. Nyuma yake kulikuwa na ukungu mweupe na ukungu mweusi vinapokezana kitu.

Nikatoa simu. Injinia akaja akainama sikioni kwangu.

"Hiyo ni nini?"

"Ni simu."

"Tuliita mpiga picha wa simu?"

Nje alichukua kamera yangu tena bila kuomba, akazitazama picha moja moja, kila akipita moja anavuta pumzi. Kamati ilimzunguka. Kisha akanirudishia, na sauti yake ikawa ya huruma, ambayo ni mbaya kuliko matusi.

"Walikuuzia feki, dada. Walichora tu mstari. Pole sana."

Hapo nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, injinia, aliyechora mstari ni mimi, na lenzi yenyewe ni nzima, ni ile uliyoikataa Masimba. Maneno mafupi tu.

"Pengine," nikasema.

Akaniambia niweke kamera chini, wajukuu wataendelea na simu zao. Pesa walizokuwa wametanguliza nilizirudisha pale pale. Nikaenda kuketi nyuma ya tangi la maji la kanisa, kwenye kreti ya soda, nikikwaruza rangi kwa kucha na kujiita majina ambayo hayaandikiki.

Nikasikia gauni linaburuta majani. Bibi harusi alikuwa amewatoroka. Alivuta kreti nyingine akaketi mbele yangu, magoti karibu yagusane.

"Picha yangu iko wapi?"

"Haipo, mama. Kamera imeharibika."

Alinishika mkono, akavitazama vidole vyangu. Akavigeuza.

"Hii rangi naijua," akasema. "Wasichana wangu wa Nairobi walitaka kunipaka hii hii asubuhi. Nikawakimbia. Nikawaambia mimi naenda kwa Mungu, siendi dansi. Sasa imekuja kukaa kwa mkono yako?"

Huyo hakuwa mtu wa kudanganywa. Nikamwambia yote: Masimba, mwanawe, fundi wa Kisii, saluni, jua la Ijumaa, begi. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Yaani ulipaka kioo lipstiki."

"Si lipstiki. Ni ya kucha."

"Ukalala na hiyo ujinga mpaka Jumapili, ukaenda kanisa katikati?"

"Ndiyo, mama."

"Nyasae! Mungu wangu!" akasema. "Mimi nimezaa saba bila pete. Hiyo kioo ya kwako umevalisha pete nyekundu, ilikuwa inataka kuolewa na nani?"

Na akacheka. Alicheka mpaka kitambaa kikateleza kichwani, macho yakajaa machozi, pengo lake la mbele likaonekana lote. Sikufikiri. Mkono ulinyanyua kamera wenyewe, kama mkono wa mtu anayefukuza nzi, nikabonyeza mara moja. Lenzi haikulia. Haikuhitaji kutafuta chochote, maana alikuwa ameketi kwenye umbali wa pasipoti kamili. Kisha wakaja wakamchukua, akakate keki yao.

Yaliyofuata ni ya kawaida. Kwenye kundi la simu habari ilifika kabla sijafika Keroka. "Mtoto wa kambo amwangusha dada madhabahuni," aliandika yule wa Kisii, na wenzake wakapiga makofi ya vidole. Mmoja wa Nyamira, mwenye lenzi kama yangu, aliogopa akaiuza kwa bei ya kutupa. Niliona, nikanyamaza. Nilikaa na mwenye saluni siku mbili, dawa ya kutolea rangi na kijiti cha meno, tone kwa tone, hadi mkanda ukazunguka tena. Lenzi ikarudi kazini nzima kabisa. Imebaki na doa la rangi ya waridi mdomoni ambalo halitoki.

Ile picha moja nilimtumia injinia. Alijibu mara moja. "Mama anaonyesha pengo, kitambaa kimeanguka. Hiyo si ya kuweka kwa ukuta. Tafadhali usimtumie mtu mwingine, kazi yako tuliiona."

Nikaichapisha kubwa, nikaitia fremu, nikaipeleka Nyacheki mwenyewe. Omong'ina alikuwa ametoka kupeleka majani kwenye kituo cha kupimia, kikapu bado mgongoni. Aliitazama muda mrefu. Aliipeleka mlangoni kwenye mwanga akaitazama tena.

"Ee," akasema. "Huyu ni mimi."

Alimwonyesha mzee wake, wakaifunga kwenye leso, wakaiweka kabatini chini ya zile Biblia mbili. Akaniambia ninyamaze tu, wakati wake utafika itoke.

Ulifika mapema kuliko nilivyotaka. Baridi ya katikati ya mwaka ilimwingia kifuani, na wiki tatu hazikuisha. Nilienda kumzika kama mtu mwingine yeyote, bila kamera.

Na nilikuta nini? Nilikuta bango refu kuliko mtu, limesimamishwa kando ya sanduku, na kwenye bango uso wa kipande. Ule ule. Walikuwa wameuvuta, wakaupaka weupe kwa kompyuta, wakauwekea mawingu nyuma na njiwa wawili. Alionekana kama mwizi wa kuku aliyefika mbinguni kwa makosa. Injinia alikuwa amesimama mbele yake akipanga viti, na mpiga picha wa siku hiyo alikuwa nani? Fundi wa Kisii, kitambaa kifuani. Nililia, na nusu ya machozi ilikuwa hasira. Alisema kitu kimoja tu yule mama. Kimoja! Alikisema kwangu akiwa hai, akili timamu, na sisi wenye mistari yetu tukashindwa.

Mchungaji alikuwa amesimama aanze, mzee akanyanyuka kwenye kiti chake. Akashika fimbo, akaelekea nyumbani kwake polepole, na watu wote mamia wakangoja, mchungaji naye amefungua Biblia anangoja. Alirudi na leso kwapani. Akaifungua, akaiegemeza fremu kwenye sanduku, mbele ya bango. Kisha akasimama kando ili watu waone.

Kina mama wa safu ya mbele wakaanza kuangua kilio na kicheko pamoja. Maana ni yeye. Ukimtazama ungeapa anakaribia kukuambia jambo. Wakawa wanaulizana safu kwa safu kwa Ekegusii, anacheka nini huyu, anacheka nini.

Fundi wa Kisii alisogea, akachutama, akaitazama kwa karibu kama daktari. "Hiyo sasa ni lenzi orijino," akamwambia injinia, kwa sauti ya mtu anayejua. "Angalia makali ya jicho. Hiyo huwezi kupata na hizi za kambo."

Injinia alikuwa anaijua picha ile. Alitazama chini.

Mzee aliniona mimi kati ya watu, akaninyooshea fimbo.

"Wewe ndiye ulikuwa na yeye siku hiyo," akasema. "Mimi nilimuuliza, akakataa kuniambia, akasema ni siri ya watu wawili. Hapa alikuwa anacheka nini?"

Mamia ya watu waligeuka. Ningeweza kusema ni furaha ya harusi, mzee. Kila mtu angeridhika, na wangeniombea. Lakini omong'ina alikuwa ananitazama pale sandukuni, na pengo lake, na kitambaa kimeteleza, na nilijua akinisikia nikidanganya mara ya tatu atacheka zaidi.

"Alikuwa ananicheka mimi, mzee," nikasema, kwa sauti ili injinia asikie, na wa Kisii asikie. "Lenzi ni hiyo hiyo ya kambo, nzima kabisa, mpaka leo ninayo. Niliipaka rangi ya kucha ili watu waione ni ya bei, nikaigandisha, nikawaharibia harusi. Nikawaacha mseme ni feki. Yeye alijua, ndiyo maana anacheka."

Mzee aliitazama picha tena, kisha akanitazama mimi kuanzia miwani mpaka viatu.

"Basi alikuwa na haki," akasema, akarudi kuketi.